Siku nne za kumpeleka mama Saanane (na mjomba ambaye hajawahi kufika)

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Leo nimeomba ruhusa kazini nikatoka saa sita mchana, nikachukua kigari chetu cha IST moja kwa moja Sengerema kumfuata mama. Kesho ni Nane Nane, sikukuu ya wakulima, keshokutwa Jumamosi, kwa hiyo zimepatikana siku tatu mfululizo za mapumziko na zote nimezipangia jambo moja ambalo limenikaa moyoni tangu mwaka jana, mama arudi Saanane, kile kisiwa cha ziwani hapa Mwanza.

Mama alienda kile kisiwa mara moja tu maishani, mwaka 1974 akiwa darasa la saba, safari ya shule. Sisi watoto wake tumekua na hiyo safari kama watu wengine walivyokua na hadithi za sungura na fisi. Umeme ukikatika, Saanane. Mtoto akiumwa usiku hataki kulala, Saanane. Najua mpaka rangi ya sweta aliyovaa mwalimu wao. Na kila akimaliza kusimulia lazima amalizie na faru, kwamba alimuona faru mzima kwa macho yake yuko hatua chache tu kutoka pale alipo, anatafuna majani, na masikio yake yanazunguka kila moja upande wake kana kwamba yana akili zao.

Nimepita Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Buhongwa, pale Usagara nikakata kulia kuelekea Kigongo. Kwa mnaoijua njia hii zamani mnakumbuka pantoni. Foleni ya magari, mabasi yamezima injini, akina mama wanapita na mahindi ya kuchoma na mayai, mtoto analia, wewe unaangalia maji na ng'ambo unaiona kabisa ila hufiki. Sasa hivi kuna daraja, lilifunguliwa tarehe 19 mwezi wa sita mwaka huu, kilomita 3 juu ya ziwa, refu kuliko yote Afrika Mashariki. Nimevuka kwa dakika chache tu na nikiri machozi yalinilenga, maana baba yangu alihangaika na ile pantoni miaka yote na hakuliona hili.

Nimemkuta mama amekaa kibarazani ameshajiandaa, kitenge kipya, viatu vya kanisani, na mizigo yake mitatu: mfuko wa michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), mfuko wa karanga, na jogoo mwekundu amefungwa miguu kwa kamba ya katani. Nikamwambia mama huyo jogoo wa nini, kuku Mwanza wapo. Akasema, "Huyo si wa kwako. Wa mjomba wako." Sikuuliza zaidi, nikamuweka nyuma kwenye boksi.

Sasa tumefika darajani wakati wa kurudi jua linashuka, mama akasema punguza mwendo. Nikapunguza. Akawa anaangalia maji kimya muda mrefu, halafu akaanza tena ile safari ya 1974, nikajua naijua, kumbe leo kuna kipande ambacho miaka yote hiyo hakuwahi kukitoa.

Alianza kama kawaida. Walisafiri na lori la kubebea pamba, wamesimama wote nyuma, vumbi limewapaka mpaka kope, wakafika kwenye maji wakavuka kwa pantoni na yeye alikuwa hajawahi kuona maji mengi hivo, akamshika mwenzake mkono mpaka ng'ambo. Halafu akasema, unajua hela ya ile safari ilitoka wapi? Nikasema si babu alitoa. Akasema babu yako hakuwa na hela. Alimuuza jogoo, na yule jogoo hakuwa wa babu, alikuwa wa mjomba wako. Alimlea mwenyewe tangu kifaranga, alipewa na bibi yake, alikuwa anamfuata mpaka kisimani. Mjomba alikuwa darasa la tano. Babu akamwambia, mwaka huu dada yako yuko la saba anamaliza, aende yeye, mwakani zamu yako na mimi nitakulipia. Mwaka uliofuata babu akaugua, na hakupona.

Mama akanyamaza. Nyuma jogoo akajigeuza kwenye boksi.

"Miaka 51 nasimulia hiyo safari," akasema, "na mdogo wangu akiwepo huwa anatoka nje."

Na kweli, nikikumbuka nyuma, kila misiba na harusi tukikaa usiku mama akianza Saanane, mjomba anasema ngoja nikaangalie hiki au kile. Siku zote nilijua ni mtu wa kazi hakai chini.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Mume wangu amewapeleka watoto Nyamhongolo kwenye maonesho asubuhi waangalie ng'ombe na matrekta, wamerudi wamechoka na wamekula miwa mpaka midomo inawauma. Mimi na mama tukaenda Igogo kwa mjomba.

Kama hujawahi kupanda milima ya Igogo ngoja nikueleze kidogo. Nyumba zimekaa kwenye mawe, na ni mawe kweli, makubwa kuliko nyumba zenyewe, jingine limekaa juu ya jingine mpaka unajiuliza lilipandaje, na watu wamejenga pembeni, katikati, na juu yake, ngazi za saruji hapa, za udongo pale, mtungi wa maji unapandishwa kichwani. Mama amepumzika mara nne njiani. Nyumba ya mjomba iko karibu na juu kabisa na ukikaa mlangoni kwake unaona ziwa lote la upande huu, unaona mitumbwi, unaona Capri Point inavyochomoza, na mbele yake kidogo pale kwenye maji kipo kisiwa kimekaa na mawe yake na miti yake, Saanane. Mjomba amekaa Mwanza miaka 40. Kila asubuhi akifungua mlango kile ndo kitu cha kwanza anachokiona.

Mjomba ni fundi mitumbwi. Kazi yake iko chini huko ufukweni, mbao, randa, misumari, na pamba ya kuziba nyufa ambayo anaisokomeza taratibu kwa patasi butu na nyundo ya mbao, kidogo kidogo, anasikiliza mlio. Anasema mlio ukibadilika ujue ufa umeshiba. Vidole vyake vimeganda lami haitoki hata kwa mafuta ya taa. Huyu ndo mtu ametengeneza vyombo vya kuwavusha wengine maisha yake yote, na boti ya kwenda pale mbele haijafika hata dakika kumi na tano.

Tulimkuta amekaa kwenye kigoda. Mama akamsalimia kwa Kisukuma, akajibu, akamuona jogoo. Mama hakusema kitu, akamtoa kwenye boksi akamfungua kamba ya miguu na kumuweka chini. Jogoo akasimama pale amejikunyata, halafu akajitikisa manyoya akaanza kutembea kama kwake.

Mjomba akamwangalia yule jogoo. Kwa kweli nisingependa kuongeza chumvi hapa, hakulia, hakusema neno, alimwangalia tu muda mrefu, halafu akanyoosha mkono na kuchukua punje za mahindi kwenye ungo akammwagia.

Mama akasema, "Kesho tunakwenda. Nimekuja kukuchukua."

"Mimi nina mtumbwi wa watu, dada, wanautaka Jumatatu."

"Wataupata Jumanne."

"Dada, mimi mtu mzima na mvi hizi, nikaangalie swala? Waende watoto."

Hapo mama ndo alipandisha sauti, na mama yangu si mtu wa kupandisha sauti. Akamwambia mimi nimeenda na jogoo wako, sijawahi kukuambia asante, nilirudi nikaanza kusimulia siku ile ile na wewe umekaa hapo unasikiliza, mtoto wa miaka 12, nikakuletea unyoya nikadhani nimekulipa. Nimezeeka. Sitaki nife hujafika.

Kimya. Chini huko mtu anagonga bati, redio ya jirani inasoma habari za Nane Nane.

Mjomba akauliza saa ngapi.

Nikamwambia saa mbili asubuhi nitakuwa hapo chini barabarani. Akasema sawa. Halafu akaingia ndani, akatoka na shati jeupe anatafuta pasi.

Jioni nyumbani tumekula sato wa kukaanga na ugali wa muhogo, na watoto wakaanza maswali. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka 7 anauliza kwa nini inaitwa Saanane, tunafika saa nane? Na mkubwa wake aliyeko darasa la sita ambaye anashinda kwenye simu anaangalia Disneyland akauliza kama kuna treni za kuzunguka angani. Nikamwambia hapana. Nikamwambia ile Disneyland ya California ilifunguliwa 1955, na miaka 9 baadaye, 1964, hapa kwetu wakafungua zuu ya kwanza ya Tanzania kwenye kisiwa cha mzee mmoja mvuvi na mkulima aliyeitwa Saanane Chawandi, yeye ndo aliyekuwa anaishi pale, akahama kupisha wanyama. Kwa hiyo Saanane ni mtu, siyo muda. Mdogo akakubali ila mkubwa akataka kujua huyo mzee alihamia wapi na ng'ombe wake walihamaje. Nikasema alikuja huku nchi kavu, Mwanza. Akafikiria, akasema, basi kesho tunaenda nyumbani kwa watu. Nimelipenda hilo.

Nikawasimulia na ya kwangu kidogo. Mimi baba alinipeleka 1999 siku ya pili ya Pasaka, nina miaka 8, wakati huo tayari ilishakuwa pori la akiba. Nilitapika kwenye boti. Tumbili alinipokonya mkate mkononi nikalia mpaka baba akanibeba mgongoni, na ninachokumbuka zaidi kuliko wanyama wote ni shingo ya baba, jasho na sabuni ya mche, na yeye anaimba taratibu ili ninyamaze. Mama siku hiyo alibaki nyumbani na mtoto mchanga. Alitufungia maandazi.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa moja na nusu niko Igogo, nikamkuta mjomba ameshasimama barabarani. Shati jeupe lina mistari ya pasi kama karatasi iliyokunjwa, suruali ya kitambaa, viatu vimepigwa dawa mpaka vinang'aa. Jirani yake mmoja alikuwa anapita akamuuliza mzee leo kuna harusi? Mjomba akasema, "Nakwenda kisiwani," akaingia kwenye gari mbele.

Ofisi za hifadhi ziko Capri Point. Watu wengi wanajua ila niseme tu kwa wasiojua, Saanane tangu 2013 ni hifadhi ya taifa kamili kama Serengeti, na ndiyo ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 ukijumlisha na maji yake. Kulipa ni kwa kontroli namba, yaani namba ya malipo ya serikali, mtandao ukasumbua kidogo tukasubiri kama nusu saa hivi. Watoto wakahangaika, mjomba akakaa kwenye benchi mikono juu ya magoti hatikisiki. Risiti zilipotoka nikampa yake ashike. Akaisoma yote kuanzia juu mpaka chini, taratibu, akaikunja mara nne akaiweka mfuko wa shati. Nilimhesabia, ameitoa na kuisoma tena mara tatu siku ya leo.

Kwenye gati wakatugawia maboya ya kuvaa. Mjomba alivaa la kwake bila kuuliza akafunga vishikizo vyote akawafunga na watoto, akavuta kamba mpaka mdogo akasema babu unaniminya. Sisi watu wa Mwanza hatuchezi na hilo, kila nyumba ina mtu wa Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama. Kabla ya kupanda akainama akagonga ubavu wa boti kwa kifundo cha kidole, mara mbili, akasikiliza. "Faiba," akasema. Nahodha akacheka akamuuliza wewe fundi? Akasema wa mbao. Wakaanza kuongea mambo yao ya mkuku na mawimbi na mjomba akawa mtu mwingine kabisa, anaongea, anaonyesha kwa mikono.

Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia. Dakika kama kumi tu. Mjomba anawaonyesha watoto, yule mweusi anayekausha mabawa ni mnandi, yule ni yangeyange, na mkilisikia lile linalolia kama linacheka mbali, hilo ni furukombe, linakula samaki kuliko sisi. Mama amekaa upande wa pili amemshika mume wangu mkono kama alivyomshika mwenzake kwenye pantoni.

Tulipokaribia mjomba akanyamaza. Kisiwa kinavyokuja mbele yako kinakuwa kikubwa kuliko unavyokiona ukiwa Igogo, yale mawe unayoyaona kama kokoto kumbe ni nyumba za ghorofa, kijivu, yana mistari meupe ya kinyesi cha ndege. Boti ikagusa gati. Mume wangu akashuka akampa mkono mama. Mama akakataa kushuka, akasema, "Yeye kwanza."

Mjomba akamwangalia dada yake, akanyanyuka, akaweka mguu wa kulia. Akasimama pale kwenye gati na watu wa nyuma yetu wanataka kushuka nao wakasubiri, hakuna aliyelalamika, sijui waliona nini usoni kwake.

Askari aliyetuongoza alikuwa kijana mpole, anaongea taratibu kwa ajili ya wazee, na anajua kazi yake. Tumepita njia ya mawe, kivuli kizuri. Mijusi imejaa kwenye mawe, ile yenye kichwa chekundu kama imechovywa kwenye rangi na mwili wa bluu, inapiga pushapu, mdogo naye akaanza kupiga nayo. Swala pala wametulia chini ya miti hata hawashtuki. Pimbi ndo usiseme, kila ufa wa jiwe una pimbi wamebanana wanaota jua. Askari akatuambia huyu pimbi mdogo kama sungura hivi ana undugu na tembo, na mkubwa wangu akabisha kabisa mpaka akaonyeshwa meno yake ya mbele yanavyochomoza.

Mama alikuwa anatafuta. Nilimuona. Anasimama anageuka, anarudi nyuma hatua mbili, anaangalia mlima uko wapi na maji yako wapi. Akamuuliza askari, mwanangu, faru alikuwa anakaa wapi? Kijana hakumcheka wala hakumwambia bibi hapa hakuna faru. Akamkalisha kwenye jiwe akamweleza vizuri, kwamba wakati ule wa zuu waliletwa wanyama wengi kutoka sehemu mbalimbali, nyati, twiga, tembo, pofu, faru, ili watu wa kawaida ambao hawafiki Serengeti nao waone na wajifunze, na wengine walikuwa wanakaa hapa kwa muda tu wakisubiri kupelekwa Rubondo. Huko Rubondo ndo kulikopelekwa mpaka sokwe waliotolewa kwenye zuu za Ulaya miaka ya 1966 mpaka 1969, wakaachiwa msituni, na wajukuu zao wapo hadi leo. Mama akasikiliza yote. Akauliza, kwa hiyo kina faru nao walisafiri na maji? Kijana akasema ndiyo bibi, Rubondo ni kisiwa. Mama akamgeukia mjomba akasema, "Umesikia, nao walivuka."

Hapo ndo yule mtoto wangu mdogo akaokota unyoya mrefu wa kijivu una alama nyeupe akampelekea mjomba, babu shika. Askari akamwambia kwa upole, hapa kwenye hifadhi haturuhusiwi kuondoka na kitu, hata unyoya, hata jiwe, uangalie halafu uuache ulipokuwa. Mama akashika mdomo. Akasema mwanangu mimi niliondoka na unyoya hapa 1974, nikamletea huyu. Kijana akacheka sana akasema basi bibi ule tumesamehe, wakati ule ilikuwa zuu.

Nikamuuliza mjomba ule unyoya aliufanyaje. Nilitegemea aseme aliutupa, nilivyosikia jana hasira zile ningekuwa mimi ningeutupa.

Akasema, "Niliuweka kwenye daftari la jiografia. Ukaliwa na mchwa."

Ndo hivo tu. Mama alikuwa hajui. Miaka yote alidhani mdogo wake aliutupa jalalani siku ile ile.

Tukapanda juu kwenye mawe mahali unapoona pande zote. Mama magoti yanamsumbua lakini alipanda, mjomba anamsukuma kwa nyuma, mume wangu anamvuta kwa mbele, watoto wanahesabu hatua. Juu kuna upepo. Unaona mji wote, Bugando hospitali kule kilimani, meli bandarini, na nyumba za milimani zinamemeta mabati. Mjomba akakaa kwenye jiwe moja pana lenye ufa katikati, pimbi wakakimbia, akaanza kutafuta kwa macho. Akaweka kiganja juu ya macho. Akatafuta sana. Halafu akanyoosha kidole, "Kwangu pale. Lile bati la kutu chini ya lile jiwe lililolala." Tukaangalia wote. Mimi sikuiona kwa kweli, mabati yote yana kutu, lakini yeye aliiona.

Akasema, "Kumbe na huku unaniona."

Hakuwa anaongea na sisi. Mama akakaa pembeni yake kwenye lile lile jiwe, akafungua kikapu akamkatia michembe, wakawa wanatafuna wawili hao mgongo wametupa sisi. Nikawaambia watoto tukaangalie mijusi.

Chakula tumekula pale pale chini kwenye vibanda vya kupumzikia, wali, sato, maembe mabichi na pilipili. Tumbili mmoja alikaa juu anatuvizia, nikashika mkate wangu vizuri. Mchana upepo ukaanza kuongezeka, wakatuita boti. Mjomba alikuwa wa mwisho kuondoka gatini, akampa askari mkono kwa mikono miwili, akamwambia wabeja, wabeja sana, ndo asante kwa Kisukuma, kama anamshukuru mtu aliyemkopesha. Kurudi mawimbi yalikuwa yanarusha maji, watoto wanapiga kelele za furaha, mkubwa akanisogelea akasema mama, mbona hakuna hata treni na nimefurahi. Sikutapika safari hii.

Jumapili, 10 Agosti

Mama alitaka misa Bujora kabla ya kurudi, kwa sababu alibatizwa na padre wa zamani na anasema kanisa la Bujora ndo linafanana na Wasukuma. Ni pale Kisesa kwenye barabara ya Musoma, lilijengwa enzi za Padre David Clement Mkanada aliyependa ngoma zetu kuliko wenyewe, altare imekaa kama kiti cha mtemi. Tumefika tumechelewa kidogo, tumesali, tumetoka. Makumbusho yenye ngoma za watemi hatukuingia, muda haukutosha, na mama alikuwa amechoka.

Saa nane mchana (mdogo amelishangilia hilo, saa nane!) tuko njiani kurudi Sengerema. Mama amelala tangu Nyegezi. Ameamka tunaingia darajani, akaomba simu yangu ampigie mjomba, nikaweka spika.

Mjomba yuko mlangoni kwake. Hajaenda kazini leo. Mama akamuuliza jogoo yukoje, akasema yupo, ameshawapiga majogoo wa jirani wawili, hamchinji. Halafu akasema dada, lile jiwe tulilokaa jana naliona hapa. Lile lenye ufa. Miaka yote naliona sikuwa najua ni hilo, liko juu kushoto.

Mama akasema haliko kushoto, liko kulia, ukishuka botini lilikuwa kulia.

"Ukishuka botini kulia. Kwa hapa kushoto."

"We si ulikuwa umegeuka unatafuta bati lako, utajuaje."

"Dada, mimi ndo naliangalia sa hivi."

Tumemaliza daraja wanabishana, tumeingia Busisi wanabishana, mpaka salio likaisha katikati ya neno, mama akaniambia simama hapo dukani ninunue vocha.